Kiwanja cha umma hapa mjini: frem za maduka au vyumba vya wasio na pa kulala? Nani anaamua?

mama_uji_alfajiri:

Habari zenu ndugu zangu, hasa nyie wa Mwanza. Naomba mawazo yenu maana hili jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Kwenye kata yetu, sitaitaja ila ni hapa hapa mjini, Makoroboi unaenda kwa mguu, kuna kiwanja cha umma chenye jengo la zamani. Mabati yameliwa na kutu, milango haipo, wanaolitumia ni mbuzi na watoto wanaocheza kombolela. Mkutano wa mtaa uliopita mwenyekiti akasema kuna mawazo mawili yamemfikia. La kwanza livunjwe ijengwe ghorofa ya frem za maduka. La pili limeletwa na watu wa msikiti na wa kanisa kwa pamoja, wanasema ijengwe nyumba ya vyumba vidogo vidogo kwa vijana waliokulia mtaani, wazee wasio na mtu na watu wenye ulemavu, kila mtu na chumba chake na ufunguo wake, na pale pale akae mtu wa ustawi wa jamii wa kuwafuatilia. Yani mkutano ulivurugika. Mmoja anasema tunaletewa wezi mlangoni, mwingine anasema wazee si wana makazi yao ya serikali Bukumbi kule Misungwi wapelekwe huko, mwingine anasema hela ya frem ndo itatutengenezea barabara. Tukatawanyika bila jibu, na mwenyekiti akasema mkutano mwingine ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Mimi nauza uji na chapati, saa kumi na moja alfajiri nishawasha jiko. Kuna kijana, hapa nimuite Kulwa, sio jina lake, ananishushia ndoo kabla hajaenda kubeba mizigo sokoni. Alilelewa kituoni tangu mdogo na walimlea vizuri sitaki kusema uongo, ila alipofika miaka 18 umri wa kituo ukaisha, akatoka na begi moja. Kazi anafanya, hela anapata kila siku, lakini kila chumba anachokwenda kuulizia wanataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na mdhamini na kitambulisho cha NIDA, na yeye cheti cha kuzaliwa hajawahi kukiona. Analala kwenye baraza la duka la vitambaa. Mvua za Aprili nilimkuta amekaa wima mpaka asubuhi kwasababu sakafu yote ilikuwa maji.

Naomba kujua, nani hasa mwenye mamlaka ya kuamua hicho kiwanja? Na mtu kama mimi naweza kwenda kwenye baraza la madiwani nikanyoosha mkono nikaongea? Na hizi nyumba zimewahi kufanya kazi mahali popote au ni maneno tu ya mkutanoni?

mtendaji_mstaafu:

Mama pole na hongera kwa moyo huo. Nimekaa kwenye ofisi za kata miaka mingi, ngoja nikwambie nilivyoona.

Kwanza hakikisheni mko halmashauri gani, naona watu wengi wanapeleka barua pasipo pake. Mwanza ilipata hadhi ya jiji mwaka 2000, halafu 2012 Ilemela ikapata manispaa yake. Kwahiyo Kirumba ni Ilemela, ila Pamba, Mirongo, Mbugani, Igogo, Mabatini hizo ni za Jiji upande wa Nyamagana. Mkurugenzi tofauti, madiwani tofauti. Ukipeleka barua kwa asiyehusika itakaa kwenye faili mpaka iote ukungu.

Swali lako la kunyoosha mkono. Baraza la madiwani ni mkutano wa wazi, una haki ya kwenda kukaa kusikiliza, lakini wanaoongea ni madiwani na wataalamu wanaoitwa. Mwananchi haongei mle. Na hata ungeruhusiwa, mama yangu, ungekuwa umechelewa! Jambo likifika baraza limeshapikwa. Linaanzia kwenye mkutano wa mtaa, muhtasari unaandikwa, unapanda kwenye kamati ya maendeleo ya kata ambayo diwani ndo mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ni katibu, halafu linaenda kwenye kamati za kudumu. Hili lenu litapita kamati ya mipango miji na mazingira, na likigusa hela kamati ya fedha na uongozi. Baraza linakuja mwisho kupitisha. Nguvu yako iko kwenye ule muhtasari wa mtaa. Kama hoja yako haikuandikwa pale, huko juu ni kama haikusemwa. Jumamosi ikiisha usiondoke mpaka katibu akusomee alichoandika, na mahudhurio yasainiwe na watu wote waliokuja, sio kumi waliobaki mwishoni.

Kingine, kama kiwanja kwenye ramani kimeandikwa matumizi ya umma na wao wanataka biashara, hiyo ni kubadilisha matumizi ya ardhi. Ina utaratibu wake chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi aandike, na mwisho linaenda mpaka wizara ya ardhi. Nenda idara ya ardhi uulize kimepangiwa nini. Uliza kwa barua sio kwa mdomo, na nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa.

Ila nikueleze ukweli mwingine. Halmashauri yoyote inabanwa na mapato ya ndani. Mkurugenzi anaulizwa kila robo mwaka amekusanya asilimia ngapi ya makisio. Frem kumi na sita zina hela unayoweza kuiandika kwenye karatasi, chumba cha Kulwa hakina. Wakikaa na karatasi mbili, moja ina namba na nyingine ina huruma, unajua ipi inapita. Kwahiyo nendeni na nyie mkiwa na namba.

nyumba_ya_baba:

Mimi ni mmoja wa wanaopinga mambo kama haya kwenye mtaa wangu na naomba nisikilizwe pia, maana humu mtu akisema hapana anaonekana hana utu.

Nyumba ninayokaa baba yangu aliijenga kwa hela ya kuvua na kuuza dagaa, jiwe moja moja. Vyumba vinne napangisha ndo vinasomesha watoto. Miaka ya nyuma palikuwa na jengo karibu na kwetu lilianzishwa na mradi, sitautaja, kwa ajili ya vijana hao hao. Mwaka wa kwanza safi kabisa, mlinzi yupo, mama mlezi yupo, chakula kipo. Mfadhili akaondoka. Umeme ukakatwa, mlinzi akaondoka, mama mlezi akavumilia miezi mitatu bila mshahara na yeye akaondoka. Vijana wakabaki peke yao na jengo. Mlango ukauzwa, masinki yakauzwa, usiku pakawa ni bangi na kelele, wapangaji wangu wawili wakahama mwezi mmoja. Na wale vijana sikuwachukia, niliwaonea huruma kwasababu waliachwa mara ya pili.

Sasa mama nakuuliza wewe na hao wa msikiti na kanisa. Mwaka wa tatu nani analipa luku? Nani analipa mlinzi? Bomba likipasuka nani anaitwa? Mkinijibu hilo mimi nitakuwa wa kwanza kusaini. Msiponijibu nitasimama Jumamosi na Jumapili.

dawa_kwa_wakati:

Kaka hapo juu swali lako ni la msingi na sina la kukupinga. Mimi nahudumia wagonjwa majumbani, nazunguka Mabatini, Igogo, Isamilo na milima yote hiyo, naomba niongelee hili la "wapelekwe mbali" maana ndo linaniuma.

Kuna mzee natembelea, mguu mmoja ulikatwa kwa kisukari. Anakaa juu kabisa kwenye mawe kwasababu huko ndo kodi nafuu, nyie wa Mwanza mnajua, jinsi unavyopanda ndivyo bei inavyoshuka. Njia yenyewe ni ngazi za mawe, pikipiki inaishia chini. Siku ya kliniki vijana wanne wanamshusha kwenye kiti cha plastiki na kila mmoja anataka chochote kitu. Kwahiyo kliniki haendi. Dawa ipo hospitali, mzee yupo anaiona hospitali kwa macho akiwa kitandani, na dawa hapati. Huyu ukimpa chumba cha chini kwenye tambarare, choo humo humo, hujampa nyumba tu, umempa na mguu.

Ndugu zake walishauri apelekwe kwenye makazi ya wazee ya Bukumbi. Sisemi pabaya, serikali inatunza watu pale ambao wasingekuwa na mtu kabisa. Ila mzee alilia, akasema yeye amefua nguo na kushona viatu mjini hapa miaka 40, wateja wake wako hapa, wenzake wa bao wako hapa, akienda kule anaenda kusubiri kufa. Anashona viatu mpaka leo! Wakimpelekea juu anashona.

Na vijana ndo kabisa. Nyie si mnakumbuka 2021 machinga walivyopangwa upya, na kabla ya hapo Soko Kuu lilivyovunjwa kupisha ujenzi watu wakahamia Mbugani, mtu anahamishwa mita mia chache tu mauzo yanadondoka nusu maana mteja hafiki. Sasa chukua mtu anaeishi kwa kubeba mizigo, kazi inaanza saa kumi usiku mafuso ya ndizi na nyanya yakiingia, mpeleke akakae Kishiri au Nyashishi kwenye kiwanja cha bei rahisi. Hiace ya kwanza inamkuta kazi imeisha. Atarudi kulala barazani wiki hiyo hiyo, na nyie mtasema "mnaona, hawa hawataki kusaidiwa". Nimeisikia hiyo kauli mara nyingi mno mpaka moyo unachoka. Kwa mtu wa namna hii kuwa karibu na mji ndo msaada wenyewe, paa linakuja pili.

Halafu mtu wa ustawi kukaa pale pale ni kitu kikubwa kuliko mnavyodhani. Nusu ya wagonjwa wangu wa kifafa na wa akili wanaanguka sio kwasababu dawa hazifanyi kazi, ni hakuna wa kuwagongea mlango asubuhi akauliza umemeza? Hicho tu.

baridi_ya_helsinki:

Salaam kutoka mbali. Nimezaliwa Kitangiri nipo Finland mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi ya usafi na matengenezo kwenye nyumba za aina hii mama anayouliza, kwahiyo naongea ninachokishika kwa mikono.

Huku serikali na majiji walianza mpango mwaka 2008. Zamani walikuwa na mabweni, mtu analala usiku asubuhi anatolewa, na sharti aache pombe kwanza ndo afikiriwe nyumba. Wakageuza. Mabweni mengi yakabadilishwa kuwa vyumba kamili, mtu anapewa mkataba wa upangaji kwa jina lake, halafu msaada wa pombe na dawa na kazi unafuata akiwa tayari ana mlango wa kufunga. Idadi ya wasio na makazi ilishuka sana kwa miaka mingi, nchi nyingi zinakuja kujifunza. Kwahiyo mama ndio, imefanya kazi, sio maneno.

Lakini msidanganywe kwamba ni kitu cha kunakili tu. Mpangaji huku analipa kodi, na akiwa hana kazi kuna posho ya serikali inayolipia. Sisi hiyo posho hatuna. Na jiji la Helsinki linamiliki sehemu kubwa sana ya ardhi yake ndo maana linaweza kuamua nini kijengwe wapi bila kumpigia mtu magoti. Ndo maana mkisikia kiwanja cha umma katikati ya mji shikeni kwa mikono miwili, kikishauzwa au kugeuzwa frem hakirudi.

Kuhusu majirani, na huku walipinga, tena kwa nguvu. Jengo nililopo wafanyakazi na wakazi wanatoka kwa zamu kufagia mtaa mzima, sio mbele ya jengo lao tu. Kuna namba ya simu jirani yeyote akikereka anapiga anapokelewa saa yoyote, usiku wa manane pia. Sio kituo cha polisi, ni watu wa jengo. Jirani akijua kuna mtu atapokea simu hasira inapungua nusu.

fundi_ramani:

Naombeni niingie na upande wa jengo lenyewe. Kwanini tunachagua moja? Tembeeni mjini muangalie majengo ya zamani, yale ya miaka ya wahindi na mengine ambayo yako chini ya Shirika la Nyumba, maduka chini familia juu. Mji wetu umejengwa hivyo miaka yote. Kwenye mipango miji matumizi ya makazi na biashara kwa pamoja yapo yanajulikana, sio jambo la kuombea miujiza.

Chukulia mfano tu, sio bei ya kiwanja chenu. Frem nane chini, kila moja laki mbili kwa mwezi. Hiyo ni milioni moja na laki sita. Mlinzi, msimamizi, luku ya korido, maji, akiba ya matengenezo, vyote vinatoka humo na halmashauri inabaki na kitu. Juu vyumba ishirini. Kulwa analipa kwa siku au kwa wiki maana kipato chake ni cha siku, hata elfu moja moja, ila analipa na anapewa risiti. Akiwa na risiti za mwaka mzima na barua ya mwenyekiti hata mwenye nyumba wa kawaida atamwamini. Ya chini kabisa nyuma ya frem muweke vyumba vitatu vinne vya wasioweza ngazi, mlango mpana wa kiti cha magurudumu, choo cha kukaa chenye vyuma vya kushikilia. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010, majengo yanayotumiwa na umma yanatakiwa kufikika, msiombe kama fadhila.

Angalizo mbili za haraka. Kama kiwanja kiko bonde la mto Mirongo au karibu, nendeni muulize maji yanafika wapi kipindi cha mvua kubwa, usiweke walemavu chini halafu mto ukawafuata kitandani. Na muulizeni MWAUWASA, mamlaka ya maji hapa Mwanza, kama bomba la majitaka linapita jirani, vyumba ishirini kwa shimo moja la choo haitafika hata mwaka.

Na mtu asiwadanganye kwamba itajengwa na ile mikopo ya asilimia 10. Ile ni ya vikundi, nne wanawake nne vijana mbili wenye ulemavu, ni mtaji wa biashara na unarudishwa. Ila Kulwa na wenzake wakishakuwa na anwani na kitambulisho wanaweza kuunda kikundi wakaomba, saizi hata kuandikwa hawawezi.

nyumba_ya_baba:

Fundi hapo umenigusa. Frem kulipa mlinzi naielewa, hiyo ni hesabu haisubiri mfadhili. Ila nataka iandikwe kwenye muhtasari kwamba kodi ya frem hizo inaenda kwenye jengo kwanza ndo inayobaki inaenda kwingine. Najua hela ikishaingia kwenye mfuko mkubwa haitambuani. Na iundwe kamati, majirani wawili wawemo, wakazi wa humo wawili wawemo, na ile namba ya simu ya ndugu yetu wa Finland iwepo. Mzee wa mguu mmoja namkubali kesho asubuhi. Vijana bado nina woga, sitadanganya, lakini woga wa vijana wanaolala kwenye baraza langu bila jina haupungui kwa kuwakatalia chumba, hilo nimelala nalo nikaliona.

mtendaji_mstaafu:

Kaka hiyo ya hela iandikwe neno kwa neno kama ulivyosema. Sio "mapato yatasaidia uendeshaji". Andika "mapato ya frem yatalipa kwanza ulinzi, usimamizi, maji, umeme na matengenezo ya jengo". Neno "kwanza" lisidondoke. Nimeona miradi ikifa kwa kukosa neno moja.

Na mama, usiende peke yako. Wenyeviti hawa tuliwachagua Novemba 2024, bado wana muda mrefu na wanawahesabu watu. Mpe diwani nakala kabla ya Jumamosi, asije akasikia jambo mbele za watu kama mgeni.

mama_uji_alfajiri:

Wabeja sana ndugu zangu wote, Mungu awazidishie. Nimesoma yote mara mbili na mwanangu akanisomea ya tatu.

Leo nilienda idara ya ardhi, nikaandika barua kama mzee alivyoelekeza na nakala yangu ina mhuri. Dada wa mapokezi kaniambia nirudi Alhamisi kwa jibu. Kwenye ramani ya zamani ya mwenyekiti pameandikwa matumizi ya umma, kwahiyo wakitaka frem tupu watapita ule utaratibu wa kubadilisha. Bonde ni mbali kidogo, maji ya Mirongo hayajawahi kufika nimeuliza wazee watatu. Bomba la majitaka lipo barabara ya pili. Hesabu ya frem nane tumeigeuza kwa bei za mtaa wetu, imetoka pungufu ya ile ya fundi lakini bado mlinzi na msimamizi wanalipika.

Jana nilimwambia Kulwa aje mkutanoni aseme mwenyewe. Alinyamaza sana. Halafu akaniuliza kama akija atatakiwa kuandika mtaa anaokaa kwenye karatasi ya mahudhurio, sikuwa na jibu. Mtendaji mstaafu naomba unisaidie hapo, mtu anaelala barazani kwenye mtaa huo huo miaka miwili anahesabika mkazi? Anaruhusiwa kusaini? Nijibu kabla ya Jumamosi baba, mkutano ni saa nne.

mtendaji_mstaafu:

Anakaa pale, analala pale, kazi yake ipo pale. Aandike jina la mtaa huo huo na mwenye duka la vitambaa asaini pembeni kama shahidi. Katibu akileta ubishi nipigieni, namba yangu nakutumia pembeni. Na mimi nitakuja.